Jiko Ulilonishushia

Awuor, mwanangu,

Umeenda Kosele kununua kufuli ya sanduku, na kwa jinsi ninavyokujua utasimama kuagana na kila mwenye kibanda, kwa hiyo nina muda wa kutosha. Nimekaa jikoni, kwenye meza uliyoikata miguu. Jua bado liko juu ya mabati ya jirani. Kuku wako wanazungukazunguka mlangoni kama wanaojua kuna safari.

Leo umeniuliza tena kama nitaweza. Uliuliza asubuhi ukinivalisha viatu, ukauliza tena ukichambua dagaa wa omena, na mimi nikakujibu kwamba niliwahi kupikia shule nzima, sembuse tumbo moja la mwanamke mzee. Ulicheka, lakini sikukipenda kicheko chako. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekubali kudanganywa ili apate kuondoka. Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu umezoea mzaha na leo hautaacha, lakini kalamu naiweza kidogo. Jibu la swali lako ni hapana. Sitaweza kuishi hapa peke yangu.

Usiikunje karatasi ukaja kunitafuta. Soma mpaka mwisho kwanza.

Najua utashangaa kwamba nimekuandikia kwa Kiswahili, maana mimi na wewe tumegombana na kubembelezana kwa Kijaluo tangu uzaliwe. Kwa Kijaluo nitalia kabla sijafika nusu ya ukurasa. Kiswahili ndicho nilichofanyia kazi kule shuleni Kendu Bay, kuagiza maharagwe na kukemea wapishi waliotoka kila upande, na hata leo nikikianza tu najisikia nimevaa aproni na watu wananisubiri niseme. Basi nakisema nikiwa nimevaa aproni.

Mambo ya sweta, ya nauli, ya nani usimwamini uwanja wa ndege, sitayagusa. Shangazi zako wamekuambia yote na kila mmoja amepinga la mwenzake. Mimi nataka tuzungumze juu ya jiko hili, kwa sababu umeniachia jiko kama mtu anavyoacha mlinzi, na nataka ujue mlinzi huyu hana kosa lolote.

Baba yako aliponijengea jiko hili, ulikuwa bado unanyonya. Mimi ndiye niliyempimia fundi. Nilisimama wima, nikaweka kiganja kiunoni, nikamwambia slabu ije hapa. Nikataka makabati mpaka kwenye mabati, na vigae vinavyong'aa, na pale mlangoni kizingiti kirefu cha simiti ili maji ya mvua yanayoshuka kilimani yasiingie. Wanawake wa kanisani walikuja kuangalia wakagusa vigae kwa vidole. Sikumwacha hata mmoja aondoke bila kumfungulia kabati la juu kabisa, nikinyoosha mkono waone ninavyolifikia. Nilijenga jiko la mwanamke aliyesimama, na kama fundi angeniuliza habari za mwanamke aliyekaa, ningemfukuza kazini.

Unajua nilikuwa mtu wa namna gani. Kule shuleni kulikuwa na mpishi mmoja, Mama Rispa, mtu mzima kuliko sisi sote, magoti yake yalikuwa yamevimba. Siku moja aliniomba ruhusa alete kiti kidogo, awe anachambua maharagwe amekaa. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa jiko. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama, hapa ni jikoni. Kama ni kukaa, subiri Sabato." Wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao. Aliendelea kuchambua maharagwe akiwa ameegemea ukuta mpaka alipoacha kazi. Alifariki kabla magoti yangu hayajaanza, kwa hiyo hata kumwomba radhi sikuweza. Nakuambia haya kwa sababu unakwenda ng'ambo kuhudumia wazee, na siku moja mmoja wao atakuomba kitu kidogo ukiwa umechoka.

Magoti yangu yalipoanza, kitu cha kwanza kilichonishinda kilikuwa kile kizingiti. Slabu niliweza kuiegemea, makabati ya juu niliyaacha na panya wayafurahie, lakini kizingiti nilikipanda na kukishuka kila nilipotaka maji au kuni au chumvi. Baba yako alikuwa ameshatuacha. Nikataka fundi aje akivunje, amwage simiti iliyolala mteremko, basi. Ni kazi ya asubuhi moja.

Baba yako mdogo Oloo akasikia. Alikuja akakaa sebuleni, fimbo katikati ya magoti, akaniambia kwa upole wake ule, akiniita kwa kwetu, "Nyar Kendu, mlango wa marehemu hauguswi na mwanamke. Ouma ndiye kijana mkubwa. Aje asimame hapo, apige jiwe la kwanza. Usiite chira kwa watoto wako."

Sasa wewe unanijua kanisani. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kina mama nikawaambia mambo ya chira, laana ya kuvunja mila, tumeyaacha mtoni siku ya ubatizo. Ningemjibu Oloo hivyo hivyo. Lakini alipotaja watoto wangu nikawaona wewe na kaka yako mmekonda, mmekauka kama watu wanavyosema chira inavyomkausha mtu, daktari haoni kitu, dawa haishiki. Niliogopa, Awuor. Nikampigia Ouma simu kule Suna.

"Mwezi ujao, Mama," akasema. "Niko na mizigo ya duka, lakini mwezi ujao nakuja."

Kaka yako si mtu mbaya. Kila alipotaja mwezi ujao alikuwa anaamini kabisa. Mvua ndefu zikapita, zikapita na zile fupi, na mvua ndefu zikarudi tena, na mimi nikawa napanda kizingiti nikiwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nasubiri mwanaume aje anipe ruhusa ya kutoka jikoni kwangu. Ningeweza kumlipa kibarua yeyote akakivunja nikiwa kanisani, nikarudi nikasema sijui nani amefanya. Nimelifikiria hilo mara nyingi, hasa nikiwa nimelala chali.

Ile Ijumaa unaijua, lakini hukuiona. Nilichelewa sokoni, jua lilikuwa linakimbia, na nyoyo, yale mahindi na maharagwe yetu, ilikuwa bado haijaiva. Sisi Wasabato tunajua hofu ya jua la Ijumaa; chakula cha kesho lazima kiwe kimeshuka motoni kabla halijazama. Nilipoona kivuli cha nyumba kimefika kwenye ua, nikaishika sufuria kwa matambara na kutoka nayo mbio kuipeleka sebuleni, nikasahau kwamba mimi si mtu wa mbio tena. Mguu ulikigusa kizingiti. Kilichonishangaza ni kwamba nilipokuwa chini, mahindi na maharagwe yamenizunguka, nyonga imevunjika, nilikuwa bado naangalia jua kama limezama.

Ukaja kutoka Kisumu. Uliniambia ni mwezi mmoja tu, duka la dawa limekupa ruhusa. Mwezi ukawa miwili, duka likamchukua mtu mwingine, na yule kijana wa Ahero ambaye hukutaka nimtaje akaacha kupiga simu. Sitamtaja. Nasema tu kwamba niliona.

Halafu ukafanya jambo ambalo sijawahi kukushukuru kwalo. Niliporudi kutoka hospitali na lile gongo la miguu minne, wewe hukuanza kuhamisha vitu. Uliketi kwenye kiti changu, hapo katikati ya jiko, ukakataa kusimama asubuhi nzima. Ukajaribu kupika uji ukiwa umekaa. Ukainua mkono kutafuta chumvi, haukufika. Ukajaribu kugeuza mwiko, kiwiko kikawa juu ya sikio. Nilikuwa nimeketi mlangoni nakucheka, nikakuambia unafanya mchezo wa watoto. Ukageuka na machozi yanatoka, ukasema, "Mama, ukikaa hapa unaona mawingu peke yake. Ulikuwa unaangalia nini zamani ukipika?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikakuambia nilikuwa naangalia barabara, naona nani anakwenda kwa nani na amebeba nini. Ukaandika dirisha lishushwe.

Ukawatafuta mafundi wa hapa Kosele. Wakaja, wakapima, wakakunywa chai, na kila mmoja alipoambiwa habari ya mlango akakumbuka ana kazi Oyugis. Ndipo ukampata yule Chacha, Mkuria, kutoka Migori. Alishuka kwenye pikipiki na mfuko wake wa vifaa, akazunguka jiko mara moja, akauliza, "Mama, mafundi wa huku wote wamekufa mikono?"

"Wanaogopa chira," ukamwambia.

"Sisi pia tuko na zetu kule nyumbani," akasema. "Lakini hii ya kwenu hainijui. Lete maji tuchanganye simiti."

Halafu akashika nyundo, akasimama mbele ya kile kizingiti. Akaangalia huku na huku. "Dada," akasema, "jiwe la kwanza piga wewe. Mimi nitasema nilikuta imevunjika."

Ukaichukua nyundo. Ulikuwa umevaa ile leso yangu ya kijani na malapa. Ulipopiga mara ya kwanza simiti haikusikia, ulipopiga mara ya pili kipande kikaruka kikanigonga mguu, na mimi nikapiga kelele kwa furaha kama msichana. Sijawahi kukupenda kama nilivyokupenda wakati huo, na najua nimekupenda sana nyakati nyingine pia.

Oloo alifika kabla simiti haijakauka. "Mtoto wa kike! Nyundo kwa mlango wa babako?"

"Baba mdogo," ukamjibu, "Mama alilala hapa tangu magharibi mpaka mtoto wa jirani alipokuja kuomba moto. Wewe ungejua?"

Akasema, "Haya, mmesoma," akaondoka bila kuonja chai, na hajakanyaga hapa tena. Ouma naye akija hukaa sebuleni, na chakula anachokula kinatoka kwa mke wa Oloo. Hajatia mdomoni kitu kilichopikwa humu tangu siku ile. Namwelewa, ana watoto wadogo. Lakini inaniuma kila mara ninapoona anamshukuru mke wa Oloo kwa kuku.

Na jiko likatoka zuri. Nataka ulisikie hili vizuri. Slabu umeishusha mpaka magoti yangu yanaingia chini yake. Meko yako chini, vishikizo vyake viko mbele, siinamii moto. Mtungi wa maji una bomba na uko kwenye kibao, sihitaji kuinua kitu. Sufuria zinaning'inia ninapozifikia, na bomba la chuma ukutani linanifuata kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti. Ukamfanya yule welda wa sokoni atengeneze chuma cha kuishika sufuria ili isizunguke ninaposonga ugali nimekaa, akakushangaa, leo anavitengeneza na kuwauzia wengine. Na vile vikaratasi vyako vya Kijerumani ulivyobandika kila mahali ukijifundisha, hata mimi najua chumvi inaitwaje kwao. Watu wa Kabondo wamekuja kuliangalia kama walivyokuja kuangalia vigae vyangu zamani. Umepima kila kitu sawasawa.

Jumatatu ulipokwenda Kendu Bay kumuaga dada yangu, nililijaribu. Sikukuambia. Ulipoondoka tu nikafunga mlango, nikajifunga aproni, nikasema leo nitapika ugali mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila wewe kusimama nyuma yangu ukijifanya unafuta kabati. Maji yalichemka. Unga nilioufikia ulikuwa pale pale ulipouweka. Chuma kiliishika sufuria imara. Kila kitu ulichokifanya kilifanya kazi yake, mwanangu, kasoro mkono wangu. Ugali ulipoanza kukaza vidole vikafunguka vyenyewe. Niliushika mwiko tena, vikafunguka tena. Nikajaribu kwa mikono miwili, nikajaribu wa kushoto, nikaufunga mwiko kwenye kiganja kwa kitambaa. Ukaungua chini, juu ukabaki unga mbichi. Nilikula kidogo ili nisiwe nimeharibu chakula, kilichobaki nikawapa kuku. Uliporudi ukauliza kwa nini kuku wana midomo myeupe, nikakuambia wamekuwa wazee kama mimi.

Si siku mbaya tu. Vidole vimekuwa vikifunguka tangu Desemba. Vikombe viwili ulivyodhani vimevunjwa na paka nilivivunja mimi. Na yule msichana wa kazi tuliyemjaribu, na yule wa pili, unajua waliondoka kwa nini: hakuna anayevumilia kupika huku mpishi mzee amekaa anahesabu makosa yake. Wa tatu pia ataondoka, na mimi nitakuwa nimemfukuza huku nikisema nampenda.

Kwa hiyo juzi jioni nilimpigia kaka yako. Nikamwambia aje anichukue. Nikadhani mtandao umepotea, kumbe alikuwa analia. Atakuja mwisho wa wiki. Nilimkataza kuja kesho ili msikutane mkagombana mbele ya gari lako.

Acha nikuchekeshe kidogo. Unajua mila inasema mama halali nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Nilipomkumbusha Ouma, yule yule aliyeshindwa kugusa kizingiti, akaniambia, "Mama, hii ni nyumba ya kupanga, haihesabiwi." Nikamuuliza na kizingiti kingekuwa cha kupanga? Akasema, "Mama, tafadhali." Nikaacha. Kwa hiyo nitalala Suna, ghorofani, kwenye chumba cha watoto. Nimeliona jiko lao. Ni ukumbi mwembamba, watu wawili hawapishani, na gongo langu halipiti mlangoni. Lilian ni mke mzuri kwa kaka yako na ataniletea sahani. Nitasema asante mara tatu kwa siku kwa mwanamke mwingine, kwenye meza yake, na nitajitahidi nisiulize ametia nini kwenye mboga. Sijui kama nitashinda.

Hapa patafungwa. Oloo atawaambia watu kwamba alinionya.

Sasa najua unafanya nini. Umesimama, unataka kufungua sanduku utoe nguo. Kaa chini, Awuor. Nimelifikiria hilo kabla yako, na nilitamani, usidhani sikutamani. Usiku wa kuamkia jana nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukuomba ubaki. Lakini nikaona itakavyokuwa. Ukibaki, utapika wewe. Jiko hili ulilishusha ili nipike mimi, na hilo limekwisha, ubaki usibaki. Nitakaa kwenye kiti ulichonitengenezea nikuangalie unavyozeeka ukiinama kwenye slabu ya mtu mfupi. Na mimi nikiondoka duniani, nini kitafuata? Unajua sheria ya boma hili kuliko mimi, maana wewe umezaliwa humu na mimi nililetwa. Mtoto wa kike hana jiko kwa baba yake. Hata lile alilolivunja na kulijenga kwa mikono yake si lake. Oloo hatakufukuza, ataanza tu kuuliza kwa upole wake ule ni lini unaolewa, na siku moja utakuta mke wa mtu amepanga vyombo vyake humu. Mimi sitakuwepo kukutetea, na hata nikiwa nipo sijui kutetea. Umeona nilivyosubiri kwa kizingiti.

Kwa hiyo nenda. Sikutumi kwenye heri, sijui kama kuna heri. Utakwenda kuosha mama za watu wengine wakati mama yako anaoshwa na Lilian, na hilo litakuwa gumu kwetu sote wanne, wewe, mimi, Lilian na huyo mama. Mkataba utaisha, utaongezwa, kama ulivyoongezwa wa binti ya mwalimu aliyekutangulia huko, na utasema utakuja Krismasi. Usiniahidi Krismasi. Nimeishi na mwezi ujao, najua ladha yake.

Huko ukifika, watakupa mtu mzee na jiko lenye kila kitu, nasikia hata kabati linashuka lenyewe ukibonyeza. Utafurahia kwanza, halafu utaona huyo mzee amekaa katikati ya vitu hivyo vyote na hataki kugusa. Usimsifie kabati. Muulize kile ulichoniuliza mimi, alikuwa anaangalia nini akipika. Na akishika kisu akawa anakata kitunguu kimoja tangu asubuhi, usikichukue kwa huruma. Wewe uliwahi kukichukua kwangu, mara moja tu, ulikuwa na haraka ya kwenda kanisani. Uliniambia, "Leta Mama, tutachelewa." Sikukasirika. Niliketi nikaangalia mikono yako inavyokimbia nikajua nimeshatoka kazini. Sikulaumu, nami nilikuwa nakichukua kwa mama yangu, na kwa maneno mabaya zaidi.

Kuna jambo moja ambalo linanitisha kuliko Suna. Naogopa siku utakayosikia kwa simu kwamba nimehama, ukakaa huko peke yako kwenye chumba chako ukaanza kurudia vipimo: labda slabu ilikuwa juu kidogo, labda mwiko ulihitaji mpini mnene, labda ningemtafuta yule daktari wa Homa Bay mapema. Nakujua. Utalibomoa jiko hili kichwani kila siku na kulijenga upya. Ndiyo maana sikutaka usikie kwa mtu mwingine. Mpini mnene nilijaribu, niliuzungushia kitambaa. Daktari alishaniambia vidole havitarudi, wewe ulikuwa nje unatafuta kiti cha kunisukumia. Hakuna kipimo ulichokosea. Mwili wenyewe ndio uliokwisha kabla ya jiko.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako ili uisome leo, si ndegeni ambako huwezi kunigombeza. Ukishasoma, njoo ukae na mimi kama unataka, lakini usinijibu. Nimetumia maneno yote niliyokuwa nayo, na aproni imeanza kulegea.

Na kesho, kabla gari halijafika, utataka kuamka mapema unipikie chai. Nakuomba usiamke. Niache niipike mimi, humu, mara hii. Chai haihitaji kusongwa, naiweza. Nitachelewa, utasikia vitu vinagongana, utasikia nimenyamaza. Dereva akipiga honi mwache apige. Wewe kaa sebuleni kama mgeni, mikono mapajani, usije mlangoni kuchungulia. Nitaileta mwenyewe nikiwa nimeshika bomba la ukutani kwa mkono mmoja. Kikombe kitatetemeka na chai itamwagika kwenye sahani, pengine na sakafuni.

Ikimwagika, usiinuke.

Mama yako